Lweba: Nani anamaliza batri? Tuhesabu kabla ya kulaumiana

Niko Lweba, hapa kando ya ziwa Tanganyika. Leo sina habari ya barabara wala ya soko. Nataka tuongee juu ya jambo dogo linaloharibu ujirani: batri ya jua.

Vita vimewashusha ndugu zetu wengi kutoka milimani, na familia nyingi zimewapokea. Chakula wanagawana, maji wanagawana. Lakini taa ikizimika saa mbili ya usiku, maneno yanaanza: "Ni hawa wageni na simu zao." Mgeni ananyamaza, maana nyumba si yake. Kesho anaogopa kuomba kuchaji, na simu ile ndiyo inamwambia kama kijijini kumetulia, na kama mtu wake aliyebaki nyuma angali mzima.

Nina kipimo cha umeme, kile chenye waya nyekundu na nyeusi. Jirani mmoja aliponiita juu ya ugomvi wa namna hiyo, nilikichukua, pamoja na daftari.

Kwanza tuelewane maneno. Fikiria bidoni ya maji iliyowekwa juu, yenye mpira wa kutelemsha maji. Urefu wa mahali ilipo ndio msukumo: huo ni volti. Maji yanayopita kwenye mpira ni ampea. Ubana wa mpira, unaozuia maji, ni ukinzani, nao unapimwa kwa omu. Mwalimu Mjerumani, Georg Simon Ohm, alitangaza kanuni yake mwaka 1827: ukigawanya volti kwa ampea, unapata omu. Na ukizidisha volti kwa ampea, unapata wati, yaani nguvu inayoliwa. Ni hesabu mbili tu. Mtoto wa shule ya msingi anaziweza.

Tulipima kila kitu mbele ya watu wote, wenyeji na wageni. Televisheni ilivuta ampea 3 kwenye volti 12: wati 36. Kila taa ilivuta nusu ampea: wati 6. Simu inayochajiwa kwa volti 5 na ampea 1 inakula wati 5.

Kisha tukazidisha kwa saa. Televisheni saa nne: 144. Taa saa nne: 24. Simu saa tatu: 15. Wageni walikuwa na taa moja na simu moja, jumla 39. Wenyeji walikuwa na televisheni, taa moja na simu moja, jumla 183. Mama mwenye nyumba aliangalia daftari, akaangalia televisheni, akacheka. Baba hakucheka mara moja, lakini hakubisha.

Tulihesabu pia yanayoingia. Paneli yao ni ya wati 50. Jua kali la saa tano linaleta 250, na sehemu inapotea njiani. Matumizi yao yote ni 222: siku ya jua wanafika kwa shida. Mawingu yakipunguza jua nusu, inaingia 125, na batri inalala na deni. Kwa hiyo hakuna mwizi wa umeme mule ndani; kuna mawingu na televisheni. Walikubaliana kwamba siku ya mawingu televisheni itawaka saa moja tu. Matumizi yanashuka hadi 114, na simu ya mgeni inachajiwa bila mtu kununa.

Jambo la pili lilikuwa taa ya wageni, iliyowaka hafifu. Kwenye batri nilipata volti 12, kwenye taa volti 10. Volti 2 zilibaki ndani ya waya mrefu, mwembamba. Gawanya 2 kwa nusu ampea: waya ule una ukinzani wa omu 4. Taa ilikuwa nzima. Tulipoweka waya mnene, iliangaza.

Hapa nawaomba tusikilizane vizuri, hasa ninyi mnaolala kwenye hema za plastiki au nyumba za nyasi. Waya ukizuia umeme, unachopoteza kinageuka joto. Na waya mbili zikigusana karibu na batri, ukinzani unaweza kubaki sehemu moja ya kumi ya omu. Gawanya 12 kwa hiyo: ampea 120. Zidisha kwa volti 12: wati 1440, zaidi ya taa 200 kama zile, zote ndani ya kipande cha waya. Plastiki ya waya inayeyuka, na nyasi haziko mbali. Weka fyuzi karibu na batri, funga vizuri kila kiungo, na usiache mtoto achezee waya hizo. Ukigusa waya ukasikia joto, toa kitu ulichounganisha.

Wazee walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku hizi wote wawili wanatafuta kupona chini ya paa moja. Kabla ya kumwambia mtu kwamba anakumalizia batri, soma volti na ampea zilizoandikwa nyuma ya chombo, uzidishe. Asiyejua kusoma amwite mwanafunzi wa jirani. Mkifanya hesabu, fanyeni mchana, wenyeji na wageni pamoja, ili kila mtu aone namba kwa macho yake.