Hita ya dizeli ya basi langu: kwa nini nilichukua ndogo

Nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa, na wa kulaumiwa ni basi. Mnaonisoma tangu zamani mnajua kwamba nilinunua Isuzu NQR iliyochoka na kazi ya matatu, nikang'oa viti, nikaweka meza, vitanda viwili na betri za tarakilishi. Programu ninayoshughulikia ni ya kuhesabu maziwa ya wakulima, na maziwa hupokelewa alfajiri. Nikiwa Nyahururu hulala papo hapo nje ya kituo cha maziwa, ili hitilafu ikitokea saa kumi na moja nisiwe mbali.

Tatizo ni baridi. Nyahururu iko mita 2,300 hivi juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Julai bati la basi usiku huwa kama friji. Julai moja mpwa wangu, ambaye hunisaidia kazi, aliingiza jiko la makaa tuote moto kidogo kabla ya kulala. Niliamka saa nane za usiku kichwa kikiniuma vibaya. Nikamwita, hakuitika. Nikamburura hadi nje, akatapika, tukakimbilia hospitali akawekewa oksijeni.

"Mjomba, nilidhani ni usingizi tu," aliniambia baadaye.

Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu. Dadangu aliposikia alisema jambo moja tu: mwanawe halali tena ndani ya hilo basi mpaka nimwonyeshe joto lisiloua.

Ndipo nikaanza kusoma habari za hita za dizeli, zile zinazofungwa kwenye malori ya Ulaya ili dereva alale bila kuacha injini ikinguruma. Webasto na Eberspächer za Ujerumani ndizo zinazojulikana sana, na siku hizi kuna za bei nafuu kutoka China. Namna ya kufanya kazi ni moja. Pampu ndogo hupiga dizeli matone kwa matone, plagi huiwasha ndani ya chumba cha chuma, hewa ya kuchomea huvutwa kutoka nje ya gari, na moshi hutolewa nje kwa ekzosi yake. Hewa tunayovuta sisi hupita juu ya chuma hicho, ikapata joto bila kukutana na moshi. Jiko haliwezi kufanya hivyo.

Muuzaji wa vipuri aliniwekea mbili mezani. Moja kilowati 5, nyingine kilowati 2 na bei yake mara mbili. "Chukua hii kubwa, mkubwa. Joto likizidi unapunguza." Nusura nitoe pesa.

Lakini mimi ni mtu wa programu, nikaomba siku moja nipige hesabu. Kuta, paa na sakafu ya basi langu ni mita za mraba 56 hivi. Nikitaka nyuzi 18 ndani wakati nje ni 6, bati tupu hupoteza zaidi ya kilowati 3. Nikibandika sponji ngumu ya milimita 25 kila mahali na kuweka mapazia mazito madirishani, hasara inashuka hadi kilowati 1 au zaidi kidogo. Yaani sehemu kubwa ya hita niliyoihitaji ilikuwa sponji!

Hita kubwa ikifanya kazi chini chini usiku kucha haipati moto wa kutosha. Dizeli haiungui vizuri, masizi yanajaa ndani, na siku moja inakataa kuwaka. Kule juu mambo huwa mabaya zaidi. Mgandamizo wa hewa Nyahururu ni kama robo tatu tu ya ule wa Mombasa. Pampu isiyojua hilo hupeleka dizeli ileile kwenye hewa iliyopungua, na masizi yanaongezeka. Ile ndogo ilikuwa na kihisi cha mwinuko kinachopunguza mapigo ya pampu yenyewe. Ile kubwa haikuwa nacho. Hata nikiondoa moja ya tano ya nguvu kwa ajili ya mwinuko, kilowati 2 zinabaki 1.6, na mimi nahitaji 1. Nikalipa bei mara mbili.

Kwa wanaotaka kujaribu, zingatieni haya. Basi kama langu linatumia volti 24, kwa hivyo msinunue hita ya volti 12. Msiizime kwa kukata umeme ghafla. Ikizimwa kwa swichi yake, feni huendelea dakika chache kupoza chuma, sawa na tarakilishi inayofunga mafaili kabla ya kulala. Kila baada ya siku kadhaa iacheni iwake kwa nguvu zote nusu saa iunguze masizi. Mdomo wa ekzosi uwe mbali na mlango, madirisha na tundu la kuvutia hewa. Na hata baada ya hayo yote, wekeni kengele ya kaboni monoksidi karibu na kitanda. Chuma hupata ufa.

Nimeshalala nayo usiku mwingi sasa. Inakunywa lita moja ya dizeli, au zaidi kidogo, kutoka saa tatu hadi alfajiri.

Dadangu hakutaka kusikia hesabu zangu. Alikuja Nyahururu mwenyewe, akaikagua ekzosi kwa tochi, akabonyeza kengele mpaka ikalia, kisha akalala kwenye kitanda cha mwanawe. Asubuhi alitoka akijinyoosha, akauliza kama kuna chai. Wiki iliyofuata mpwa wangu alirudi kazini.

Haya, safari ijayo tunarudi kwenye programu. Mbaki salama, na jiko libaki nje.