Mkia wa Nyangumi

Watoto wa Masisi wanaokaa karibu na Ziwa Kivu, huko Sake na Kirotshe, wanajua jinsi sambaza wanavyovuliwa. Usiku wavuvi huwasha taa juu ya maji, samaki wadogo hukusanyika kwa wingi chini ya mwanga, kisha wavu huinuliwa. Kumbe mbali sana, katika bahari kuu, yuko mnyama anayevua samaki wadogo kama hao bila taa wala wavu. Kinywa chake ndicho wavu.

Mnyama huyo ni nyangumi. Yeye si samaki: anavuta hewa kama ng'ombe, anazaa, na ndama wake ananyonya maziwa. Nyangumi wako wa namna nyingi. Huyu wa habari zetu anaitwa nyangumi-nundu, maana anapozama hupinda mgongo, nao huinuka kama nundu ya fahali. Urefu wake ni metre 14 hivi, na uzito wake waweza kufika kilo 30,000. Ng'ombe sitini wa malisho ya Masisi wakiwekwa pamoja, labda watalingana naye.

Mkubwa hivyo, lakini hana meno! Katika taya la juu zimening'inia nyuzi ngumu nyingi, kama brashi. Anapoona kundi la dagaa hufungua kinywa na kulirukia. Ngozi ya koo lake ina mikunjo; hutanuka, ikajaa maji na samaki pamoja. Kisha huyasukuma maji nje kupitia zile nyuzi, na samaki hubaki ndani. Ndivyo mama achujavyo kwa kichungi.

Nyangumi-nundu wanaofika pwani ya Kenya na Zanzibar, tangu mwezi wa Julai, hawaji kula. Wanatoka bahari ya barafu iliyo kusini kabisa, wanakuja kuzaa katika maji ya moto, nao hushinda na njaa kwa miezi. Lakini mbele ya nchi ya Omani, kule Uarabuni, wako nyangumi-nundu wasiokwenda kwenye barafu. Wanakaa katika Bahari ya Arabu mwaka mzima, humo wanakula na humo wanazaa. Chakula hicho kinaletwa na upepo wa kusi. Toka Juni hadi Septemba kusi huyasukuma maji ya juu mbali na pwani. Ndipo maji ya baridi hupanda kutoka vilindini, yana rutuba kama udongo wa volkano, na dagaa huzidi kuwa wengi.

Tangu mwaka 2000 wataalamu hutoka huko kwa chombo kidogo kuwapiga picha. Kazi hiyo si rahisi hata kidogo. Kusi ukivuma bahari huchafuka, na vyombo vidogo haviwezi kutoka, yawapasa kungoja. Siku ya utulivu hukaa wakitazama mbali. Ndege wakizunguka mahali pamoja, huenda chini yao wapo dagaa, na palipo na dagaa huenda yupo nyangumi. Mara pumzi yake inaruka juu kama moshi mweupe. Inanuka samaki, hakuna anayeisifu harufu hiyo. Chombo husogea ubavuni pake polepole, wala hakimkingi mbele, wala hakiingii kati ya mama na ndama. Mpiga picha husimama amelegeza magoti, kwa kuwa mawimbi yanamyumbisha. Ghafula kichwa kinatokeza, kinywa wazi, maji yanamwagika pande zote, na mara kimezama. Anayebaki ameduwaa hukosa picha yake.

Picha ya kinywa wazi hupendwa na watu wa magazeti. Lakini inayotafutwa zaidi ni ya mkia. Nyangumi anapozama kwenda chini sana huinua mkia juu ya maji, na upande wake wa chini una madoa meusi na meupe. Mikia miwili haifanani kamwe. Walinzi wa Kahuzi-Biega, mbuga inayoingia hata Walikale, humtambua gorila kwa mikunjo ya pua yake. Baharini mkia ndio uso. Picha ya leo hulinganishwa na za miaka iliyopita, na hivyo nyangumi mmoja hahesabiwi mara mbili.

Hesabu iliyotolewa mwaka 2011, kwa picha za mwaka 2000 hadi 2004, ilipata nyangumi 82 tu mbele ya Omani. Darasa moja lenye wanafunzi wengi laweza kuwazidi! Zamani walikuwa zaidi. Katika miaka ya 1965 na 1966 merikebu za Umoja wa Kisovieti ziliua 242 katika bahari hiyo, na jambo hilo likafichwa miaka karibu thelathini. Walipopasuliwa matumbo yalikutwa yana samaki na kamba wadogo. Kwa hiyo ilijulikana kwamba walikuwa wakila papo hapo.

Picha za mikia zilionyesha jambo jingine. Katika kila nyangumi kumi, watatu au wanne walikuwa na makovu ya kamba za nyavu. Mvuvi anamfuata dagaa, nyangumi pia anamfuata dagaa, nao wanakutana mahali pamoja. Mvuvi hana nia mbaya. Anataka kulisha watoto wake.

Mmoja wao ni jike aitwaye Luban, yaani ubani, kwa kuwa alama za mkia wake zafanana na matawi ya mti wa ubani. Novemba 2017 alibandikwa kifaa cha kuonyesha anakokwenda. Desemba akavuka bahari nzima mpaka pwani ya Bara Hindi, akashuka kusini hadi ncha ya nchi ile. Kabla yake hakuna aliyeweza kuthibitisha kwamba nyangumi wa Omani hufika huko. Mapema mwaka 2018 akavuka tena, akarudi Omani.