Kivuli nilichokikata mwenyewe

Mwaka jana nilikata mparachichi uliokuwa magharibi mwa nyumba yetu hapa Mpemba, ili fremu zangu mbili za kupangisha zionekane barabarani. Wapangaji wakapatikana. Oktoba ilipofika, mwanangu wa miezi minane akawa analia kila mchana, mwili umejaa vipele vya joto. Jua la alasiri lilipiga ukuta na bati, na dari hatukuwa nayo.

Mama mkwe aliuliza tu, "Mwanangu, mti ulikukosea nini?"

Sasa tumeweka dari, tumetoboa matundu juu ya ukuta hewa ya moto itoke, na mche mwingine tumeupanda palepale. Mzazi mwenzangu, kabla hujashika shoka, kaa kwanza chini ya kivuli hicho saa tisa alasiri.