Feri Isiyo na Haraka

Mamangu aliponiuliza nitakuja lini, nilimwambia Desemba. Kisha, kwa ujinga wa mtu aliyetoka zamu ya usiku, nikaongeza kwamba kabla ya hapo nina siku nne nitakwenda Lisbon. Kule Likoni, Mombasa, pakawa kimya.

"Kuna nini huko?"

Mji mzuri, mama. Uko kando ya maji.

"Pwani iko hapa mlangoni. Wewe waenda pwani ya nani?"

Wiki ya tatu sasa nimekaa na swali hilo kwenye meza ya jikoni, hapa Leicester, mji ambao ukitaka kuona bahari lazima uitafutie siku nzima. Sina jibu ambalo mamangu atalikubali. Nina hesabu tu.

Sheria ya Uingereza inampa mfanyakazi wa siku tano kwa wiki likizo ya siku 28 kwa mwaka, na mwajiri akitaka anaingiza humo humo sikukuu za serikali. Kwa mtu wa huku, siku hizo ni zake. Zangu zina wenyewe. Karibu zote naziweka akiba za Mombasa, na wenzangu kazini huniuliza nikirudi kama nimepumzika. Nipumzike wapi? Naondoka na masanduku mawili ya kilo 23 kila moja, na nguo zangu humo hazifiki kilo tano. Kilobaki ni viatu vya mpwa, dawa ya magoti ya shangazi, simu ya mtoto wa jirani ambaye hata sura yake siikumbuki. Nikifika nina matanga ya mwaka mzima ya kwenda kutoa pole, maharusi ya kupongeza, na kiwanja ambacho kila mwaka mpaka wake umesogea hatua mbili. Wiki tatu zikiisha narudi kazini, kubeba na kuogesha wazee wa watu, na ndipo mgongo unapotulia.

Silalamiki. Siku nisipoulizwa "umetuletea nini" nitajua nimesahauliwa. Lakini nilitaka, mara moja, nishuke mahali ambapo hakuna anayenisubiri.

Viza nayo ina mambo yake. Kibali changu cha kuishi Uingereza hakinivushi mlango wa Ureno na nchi nyingine za Schengen. Mwenye pasipoti ya Kenya anaomba kama angeomba akiwa Nairobi. Alama za vidole, barua ya mwajiri, taarifa za benki, nafasi ya hoteli, tiketi ya kurudi, na bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Zote hizo kwa safari ya ndege ya saa tatu kasoro. Kila Mkenya niliyemsimulia amenitania utani uleule, kwamba Vasco da Gama alikuja kwetu bila viza. Nimeusikia mara nne na mara zote nimecheka, kwa adabu.

Lakini Lisbon sikuichagua kwa bahati nasibu. Mtoto wa Mombasa hulelewa chini ya kivuli cha Mreno hata kama hamjui. Da Gama alifika kwetu Aprili 1498, hakupokewa vizuri, akasogea hadi Malindi alikopewa rubani wa kumfikisha Bara Hindi. Mwaka 1593 wenzake wakaanza kuijenga Fort Jesus, na wakaja kung'olewa humo mwaka 1698 baada ya kuzingirwa na Waomani tangu 1696. Darasa la tano tulipelekwa kuitazama ngome. Mwalimu akatuambia neno gereza limetoka kwenye Kireno, kwa neno la kanisa. Tulishangaa kidogo tu, kwa sababu babu zetu waliijua ngome yenyewe kama gereza: Waingereza waliwafunga watu humo tangu 1895 hadi 1958.

Basi siku ya pili nitakwenda Belém, kwenye monasteri ya Jerónimos, nikamwone Da Gama alipolala. Jambo ambalo shuleni hatukuambiwa ni kwamba Da Gama hakufia kwao. Alifia Kochi, India, Desemba 1524, na mifupa yake ilirudishwa Ureno mwaka 1539. Miaka kumi na mitano! Nimewahi kukaa kwenye vikundi vya michango ya kusafirisha maiti, najua mabishano yake: azikwe wapi, nani alipe, mama yake amesema nini. Sikutarajia kumwonea huruma mtu yule, na huruma yenyewe si nyingi, lakini nimeikuta ipo.

Siku iliyobaki ni ya maji. Lisbon haiko baharini hasa. Iko kwenye mdomo wa mto Tejo, mahali unapopanuka mpaka wenyewe wakapaita bahari. Kuna uwanja mkubwa ulioelekea mtoni, na ngazi za mawe zinazoshuka mpaka ndani ya maji. Jina rasmi ni Praça do Comércio, ila wenyeji wengi bado husema Terreiro do Paço, uwanja wa kasri, ingawa kasri lenyewe liliangamia kwenye tetemeko la 1 Novemba 1755. Hilo nalielewa. Sisi nasi tumetengenezewa bustani ya kisasa pale Mama Ngina mwaka 2019, na bado tukienda hapo jioni kula mihogo twasema twenda Lighthouse.

Karibu na hapo, Cais do Sodré, zinaondoka feri za kuvuka kwenda Cacilhas. Dakika kumi hivi. Upande ule nyumba ni rahisi zaidi, kwa hiyo asubuhi watu huvuka kuja mjini kazini na jioni wakarudi. Niliposoma hivyo niliacha kutafuta kitu kingine. Mimi nilivuka Likoni kwenda shule kwa miaka minane, bure kama wavukavyo wote waendao kwa miguu, begi nimelikumbatia kifuani, macho kwenye mlango wa feri uteremshwe nitangulie kukimbia. Maji yale sikuwahi kuyatazama. Yalikuwa barabara. Huko Lisbon nitalipa nauli nivuke sina ninakochelewa, nisimame ukingoni, na wenye haraka wawe wao.

Pesa ya hoteli ni sawa na karo ya muhula mmoja ya mpwa wangu. Nimeshazitoa zote mbili.

Jana mama amepiga tena. Nadhani ameanza kukubali, maana aliuliza watu wa huko wanauza nini. Nikamwambia wageni hupenda kununua sadini za kopo, makopo yamechorwa yakapendeza. Alicheka mpaka akakohoa.

"Uende safari yote hiyo ukanunue samaki wa kopo?"

Ndiyo, mama.

Akanyamaza kidogo.

"Basi niletee mawili. Na la shangazi yako, usimsahau. Na hapa jirani wakisikia itakuwa aibu."

Nimekata tiketi ya begi dogo la mkononi, lile la kuwekwa chini ya kiti. Leo asubuhi nimetoa jozi moja ya viatu.