Hofu Isiyo na Adui

Msomaji, hofu ni mlinzi wa maisha. Lau mwanadamu angeumbwa bila hofu, asingempisha nyoka njiani, wala asingengoja gari lipite ndipo avuke barabara. Lakini mlinzi huyu naye ana kosa lake. Pengine hupiga kelele usiku wa manane, nyumba nzima ikaamka, kumbe mlangoni hapana mwizi. Akifanya hivyo mara moja, wenye nyumba hucheka wakalala tena. Akifanya hivyo kila siku kwa miezi, hawalali, hawali wakashiba, wala hawafanyi kazi. Hapo ndipo hofu huitwa maradhi ya wasiwasi. Nataka kukueleza habari za maradhi hayo, si kwa kuwa mimi ni tabibu, bali kwa kuwa yalinishika nikiwa kijana, na karibu yanitoe katika kazi niipendayo.

Mwaka 2013 nilikuwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu. Tulipelekwa katika shule za sekondari kwa mazoezi ya kufundisha, nami nikapewa kidato cha kwanza. Asubuhi moja mkufunzi wangu alikuwa ameketi nyuma ya darasa na daftari lake, nami nikiandika tarehe ubaoni. Mara moyo ulianza kunienda mbio. Pumzi ikawa fupi, vidole vikafa ganzi, jasho likanitoka, chaki ikanianguka. Wazo moja tu lilinijia: ninakufa hapa, mbele ya watoto hawa. Nilitoka nje bila kusema neno, nikaketi chini ya mwembe nyuma ya jiko la shule. Baada ya robo saa hivi nilikuwa mzima, kana kwamba halikutokea jambo.

Kutoka nje kule kulinipa nafuu, na nafuu ile ndiyo iliyoniponza. Kesho yake nilimwomba mwenzangu anishikie kipindi. Wiki iliyofuata nilianza kukwepa gwaride la asubuhi. Kisha nikawa siwezi kupanda matatu ila niketi karibu na mlango, na mwisho sikuweza kupanda kabisa, nikaacha kwenda nyumbani. Kila nilipokimbia mahali pamoja, hofu ilinitangulia mahali pa pili.

Watu hawakukosa maelezo. Shangazi yangu alisema nimerogwa na mtu aliyenionea kijicho. Mwenzangu wa bwenini alisema ni uvivu wa kuandaa masomo. Mwalimu mmoja wa shule ile aliniambia, "Kijana, mwanamume haogopi watoto." Neno hilo lilinikata maini. Wale watoto niliwapenda. Nilichokiogopa ni moyo wangu mwenyewe.

Mama yangu hakubishana na mtu. Alinijia chuoni, akanishika mkono, akanipeleka hospitali. Daktari, mama wa makamo asiye na haraka, alinipima moyo kwa mashine, akaagiza na damu itazamwe, maana upungufu wa damu na maradhi ya tezi ya shingoni huweza kuupeleka moyo mbio vilevile. Nakuomba, msomaji, usiiruke hatua hiyo. Si kila moyo uendao mbio ni wa wasiwasi. Majibu yalipokuja akasema, "Mwanangu, moyo wako ni mzima."

"Kama ni mzima, daktari, mbona karibu unipasuke?"

Akanieleza. Katika ubongo mna sehemu ndogo yenye umbo la lozi ambayo kazi yake ni kupeleleza hatari. Ikiona hatari, au ikidhani imeiona, hupeleka habari, na tezi mbili zilizoketi juu ya figo humwaga katika damu kitu kiitwacho adrenalini. Moyo hupiga upesi ili miguu ipate damu ya kukimbilia, na mapafu huvuta hewa kwa wingi. Lakini mtu akihema upesi naye amesimama tu, kaboni dioksaidi hupungua katika damu yake, na kwa sababu hiyo vidole hufa ganzi na kichwa huzunguka. "Mwili wako ulijiandaa kumkimbia simba," akasema, "nawe umesimama na chaki mkononi." Mimi nilicheka. Zilikuwa zimepita wiki nyingi sijacheka.

Kisha akanipa neno ambalo sijalisahau. Shambulio kama lile hupanda upesi, aghalabu hufika kilele chake kwa muda wa dakika kumi hivi, kisha hushuka lenyewe, ukimbie usikimbie. Ila ukikimbia, ubongo wako husadiki kwamba mbio ndizo zilizokuokoa, na mara ya pili hukuhimiza kukimbia mapema zaidi.

Baadaye, katika vitabu vya elimu ya nafsi, nilikuta habari iliyonifurahisha. Mwaka 1924 bibi mmoja wa Marekani, Mary Cover Jones, aliandika juu ya mtoto wa umri wa karibu miaka mitatu, aliyemwita Peter, ambaye alimwogopa sungura kupita kiasi. Bibi huyo hakumkemea mtoto wala hakumtupia sungura mapajani. Mtoto aliwekewa chakula akipendacho, na sungura akaletwa ndani ya kizimba chake, mbali. Kisha karibu kidogo. Kisha karibu zaidi. Mwisho Peter alimpapasa sungura kwa mkono wake. Nami sungura wangu alikuwa ubao.

Tukaanza kwa darasa tupu, saa za jioni. Nilisimama ubaoni peke yangu, nikaandika tarehe, nikafuta. Siku ya nne mwenzangu aliketi dawati la nyuma. Kisha wanafunzi kumi. Kisha darasa zima, mlango ukiwa wazi. Amri ilikuwa moja: moyo ukienda mbio, nisitoke mpaka utulie. Nilivuta pumzi polepole na kuzitoa polepole zaidi, na kahawa niliyokuwa nikinywa usiku ili nisome nikaiacha, kwa kuwa nayo huuchochea moyo. Siku moja jasho lilinitoka mbele ya darasa, na mvulana wa mstari wa mbele akauliza, "Mwalimu, unaumwa?" Nikajibu, "Ndiyo, lakini itapita." Akarudi kwenye daftari lake. Miezi mingi nilikuwa nimeogopa siri yangu ifichuke, na ilipofichuka, mtoto alitaka tu kujua tumefika ukurasa gani.

Wengine hutibiwa kwa mazungumzo na mshauri, na wengine huongezewa dawa. Hapana aibu katika kumeza kidonge ulichoandikiwa na daktari; hatari iko katika kumeza cha jirani. Wala usidhani u peke yako. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba mwaka 2019 watu milioni 301 walikuwa na maradhi ya wasiwasi, na milioni 58 kati yao walikuwa watoto na vijana.

Sikupona kama mtu aliyetolewa mwiba. Hata sasa, usiku wa kuamkia siku ya wazazi, usingizi hunipaa. Lakini huenda, na huzungumza.

Mwaka 2022 nilikuwa na msichana katika kidato cha pili ambaye kila zamu yake ya kusoma ilipokaribia aliomba ruhusa ya kwenda nje. Wenzake walimcheka, na kwa muda mimi nami nilimdhania mkaidi. Aibu hiyo ni yangu, kwa maana ningalipaswa kumtambua siku ya kwanza. Nilimwita, nikamsimulia habari za mwembe na jiko la shule. Tukapatana asome mstari mmoja akiwa ameketi, nami nisimtazame. Wiki ya pili alisoma mistari mitatu. Muhula ulipokwisha alisoma ukurasa mzima, amesimama, mkono wake mmoja umeshika ukingo wa dawati.