Nyumba ya Kigamboni na Rangi za Msimu

Tanga

Mpwa wangu mpendwa,

Mkaza mjomba wako ameniagiza nisiimalize barua bila kukupa hongera ya kuezeka.

Picha ulizonitumia nimeziangalia zote, za nyumba yenyewe na zile ulizoziokota kwenye simu ziwe mfano. Umeniomba nikuambie ukweli kwa kuwa mikono yangu imeshika brashi tangu ujana. Mtindo sikukatazi. Anayejenga nyumba yake ya kwanza ana haki ya kutaka ipendeze, na jicho lako ni zuri. Ila naona umeanza na rangi ya ukuta, ukaja kwenye taa za dari ya jipsam, halafu sakafu, jua na watu watakaokaa humo ukawaacha mwisho. Hapo ndipo ningependa tugeuze mambo.

Nianze na mama yako, maana ni dada yangu na najua anahamia kwako nyumba ikiisha. Kwenye mfano wa sebule umeweka marumaru kubwa za kung'aa, za kijivu chenye mishipa myeupe, ukuta wa kijivu, na ile sebule ya kushuka ngazi mbili, ngazi zenyewe zimevikwa marumaru zilezile. Kwenye picha inavutia kweli. Lakini dada yangu ana mtoto wa jicho. Mtu wa namna hiyo haoni ngazi ya kijivu inapokutana na sakafu ya kijivu. Anachoona ni uwanda mmoja unaometameta. Dirisha lako kubwa linatazama bahari, mwanga wake utalala juu ya sakafu ile na kumrudia machoni. Tena marumaru ya kung'aa ikidondokewa maji inateleza, na magoti yake unayajua.

Kama ngazi hizo bado zinaweza kufutwa, zifute, sebule iwe sawa na ukumbi. Kama haziwezi, basi chukua marumaru zisizong'aa, zenye ukwaru kidogo, na ukingo wa kila ngazi uupe rangi inayopingana kabisa na sakafu, upana wa vidole vitatu au vinne, aione hata wakati wa maghrib taa hazijawashwa. Unaweza kuupiga terazo ya rangi iliyokolea. Terazo imerudi kwenye mitindo siku hizi, na mafundi wake wa zamani bado wapo Dar es Salaam, waliozoea kusaga sakafu za maofisi na za nyumba za Upanga. Hapo utapata cha kisasa na mama atapata cha kushikia macho. Katika nyumba nzima, sakafu ndiyo hutaibadilisha kwa urahisi. Ndiyo uichague kwanza, na kila kitu kingine kiifuate.

Sasa hicho kijivu. Najua kimetoka wapi. Tangu mwaka 2000, kampuni ya Pantone ya Marekani hutangaza rangi ya mwaka, na watengenezaji wa vitambaa, samani, vipodozi na rangi za nyumba huitazama. Kwa mwaka 2021 walitangaza mbili kwa pamoja, kijivu na manjano. Ya 2023 ikawa nyekundu ya kuelekea zambarau, ya 2024 rangi ya tunda la pichi, ya 2025 kahawia waliyoiita Mocha Mousse. Kutoka kijivu chao mpaka kahawia yao ni miaka minne, na wewe ulichimba msingi kabla hata ya kijivu hicho! Siwalaumu, hiyo ndiyo biashara yao. Lakini foronya ya mto unaibadilisha jioni moja, ilhali kupaka sebule upya ni kutoa makochi yote nje, kukodi mafundi, kununua ndoo za lita 20 na kulala na harufu. Kwa hiyo kila rangi inayokuja na msimu iweke kwenye kitu ambacho msimu ukiisha unaweza kukivua bila kuita fundi: mito, mapazia, zulia, kitambaa cha meza, kiti kimoja.

Kingine ambacho picha haikuambii ni taa. Tazama boksi la taa unazonunua, utaona imeandikwa 6500K, au 4000K, au 3000K. Namba ikipanda, mwanga unakuwa mweupe wa kuelekea bluu. Ikishuka unakuwa wa manjano, wa kupoza macho. Madukani kwetu nyingi ni zile za 6500, na watu huzipenda kwa sababu zinaonekana zina nguvu. Kijivu chini ya taa ya 6500 huwa cha bluu, baridi, na nyuso za watu ndani yake huonekana za wagonjwa. Nimeingia sebule nyingi za namna hiyo usiku, nikaona wenyeji wenyewe wamehamia barazani bila kujua kinachowakimbiza. Rangi ileile chini ya taa ya 3000 inatulia. Nunua taa kwanza, zifunge, halafu ndipo uchague rangi. Zile nyuzi za taa za bluu kuzunguka dari ziache. Hizo hubadilisha kila rangi uliyoilipia.

Na rangi usiichagulie kwenye kadi ya duka wala kwenye kioo cha simu. Nunua kopo dogo la lita 1 kwa kila rangi unayoitamani. Chukua vipande vya silingibodi, ukubwa usiopungua nusu mita kila upande, vipake mikono miwili, viache vikauke mpaka kesho yake, maana rangi ya maji ikikauka hukolea zaidi ya ilivyo kwenye kopo. Kisha viegemeze ukutani na uwe unavihamisha: ukuta wa dirishani, ukuta unaoukabili, kona ya giza. Vitazame asubuhi, adhuhuri jua linapochoma, jioni, na usiku taa zikiwaka. Utashangaa kibao kimoja kinavyokuwa rangi tatu. Usipake mabaka ukutani moja kwa moja, kwa sababu rangi iliyo jirani hudanganya jicho. Mume wako naye avitazame, na mama pia.

Kuhusu mng'ao wa rangi yenyewe, mafundi wa siku hizi watakusukumia silk nyumba nzima kwa sababu inafutika. Ni kweli inafutika, na kwenye korido, jikoni na chumba cha watoto iweke bila wasiwasi. Lakini mng'ao wowote hufichua lipu mbaya. Mwanga wa dirisha ukipita ukutani kwa ubavu, kila bonde na kila mstari wa msasa unasimama. Ukuta mrefu wa sebule na dari vipe rangi isiyong'aa, husamehe mengi. Na rangi iliyokolea sana usiiweke chini pale watoto wanapogusa. Alama za vidole na vumbi jekundu la barabara yenu vitaonekana kuliko kwenye rangi ya katikati.

Nakuja kwenye jambo ninalolipenda. Katika picha zako kuna moja ya chumba cha kulala chenye ukuta wa mawingumawingu, si mweupe wala si wa mchanga, umesema ndiyo fasheni ya Ulaya kwa sasa na unataka kuagiza kopo lake kutoka nje. Mwanangu, hiyo ni chokaa. Nyumba za mawe za Lamu, mji uliotiwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, zimepakwa hiyo kwa karne. Vyumba vyake ni vyembamba kwa kuwa boriti za mikoko zilizobeba dari haziruhusu upana unaozidi kiasi cha mita tatu, na mwanga huingia kutoka uwani peke yake. Weupe wa chokaa ulikuwa na kazi: kuuchukua mwanga huo mdogo na kuusukuma kutoka ukuta hadi ukuta mpaka chumba cha ndani kabisa, kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Huku kwetu Tanga mawe ya chokaa tunayo, mapango ya Amboni yenyewe yametobolewa na maji ndani ya mawe hayo.

Inavyopakwa ni hivi. Chokaa iliyozimwa huchanganywa na maji mpaka iwe nyepesi kama maziwa. Ukuta hulowanishwa kwanza. Unapaka kwa brashi pana, mikono ya msalaba, nyembamba sana, na mkono wa kwanza utakukatisha tamaa kwa sababu huoni kitu, ukuta unaonekana umelowa maji tu. Subiri. Inavyokauka inavuta hewa ya kaboni na kurudi kuwa jiwe, na weupe unatokea wenyewe polepole, hapa zaidi na pale kidogo. Hayo ndiyo mawingu unayoyaona kwenye picha. Unarudia mara nne au tano. Vaa glovu na miwani, chokaa huunguza ngozi na jicho.

Ina masharti. Haishiki juu ya rangi ya plastiki, inataka lipu tupu. Kwa hiyo kama chumba hicho bado hakijapigwa rangi, mzuie fundi leo hii. Ukitaka iwe na rangi, tia ile poda ya oksidi ya chuma, nyekundu, manjano au kahawia, nayo ni rangi ileile ya udongo wetu. Rangi nyingine nyingi kali huuawa na chokaa. Oksidi haziogopi hata jua. Ndiyo maana ukuta wa udongo mwekundu hubaki mwekundu, ilhali waridi na zambarau nyingi zinazotazama jua la Dar hupauka upande mmoja. Hiyo kahawia yao ya 2025, wewe unaipata kwa bei ya poda.

Napenda chokaa kwa sababu nyingine pia: inapumua. Uko karibu na bahari, na sina hakika mchanga wa fundi wako ulitoka wapi. Mchanga wenye chumvi ukiingia kwenye lipu, ukuta utatoa unga mweupe na rangi itabanduka, hata iwe ya gharama gani. Muulize kama aliweka nailoni kati ya msingi na tofali, na ukuta wowote wenye unyevu chini utafutiwe chanzo kabla ya kufunikwa. Ule ukuta wa kubandika karatasi za maua ya dhahabu nyuma ya televisheni, naona ni ukuta wa nje unaopokea mvua za kusi. Karatasi za plastiki hufungia unyevu nyuma yake, na baada ya masika moja utanusa fangasi kabla hujaiona. Ukitaka karatasi lazima, ihamishie kwenye ukuta wa kati, mbali na bafu.

Maua na michoro vipunguze kidogo. Nimeona zulia la pembe tatu, mapazia ya majani, mito ya kitenge na karatasi hiyo ya dhahabu, vyote katika chumba kimoja. Itandaze khanga ya bibi yako uitazame: ina pindo pande zote nne, kisha mji katikati, na kati yake rangi tupu ya kutosha. Waliobuni walijua ua linahitaji uwazi wa kuonekana. Chagua kimoja kiseme. Mimi ningechagua mito ya kitenge, maana ni ya kwako na ushonaji wake uko mtaani.

Makabati ya jikoni ya kijani kibichi kilichokolea, hayo nakuunga mkono kabisa! Ni rangi nzuri, inaendana na mbao, na milango ya kabati inaweza kung'olewa na kupakwa upya. Bomba nyeusi zisizong'aa za bafuni ziache kama mtatumia maji ya kisima, kwani maji ya chumvi yataziachia madoa meupe na utasugua mpaka weusi utoke.

La mwisho ni ule mlango wa zamani uliopakwa rangi ya manjano, ulionunua kwenye nyumba iliyobomolewa. Rangi nyingi za mafuta za zamani, hasa za manjano na nyekundu kali, zilikuwa na madini ya risasi. Vumbi lake likiingia mwilini mwa mtoto huathiri ubongo, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Usiruhusu mtu aupige msasa mkavu hapo uani watoto wanapocheza. Ufunike turubai, uweke stoo. Na rangi mpya ya mafuta utakayonunua, soma kopo: kiwango kinachopendekezwa kimataifa ni risasi isiyozidi sehemu 90 kwa milioni.

Nakuja Dar baada ya Idi, inshallah. Mlango nitaushughulikia mwenyewe kwa msasa wa maji, na nitakuja na poda ya oksidi ya kujaribia. Lipu ya chumba cha nyuma ulisema imepigwa juzi. Ipewe wiki nne za kukauka, fundi akiharakisha mwambie mjomba kakataza. Vibao vyako vya rangi nivikute vimeshapakwa, na taa zimefungwa. Marumaru usizilipie kabla mama yako hajazikanyaga dukani, zikiwa zimemwagiwa maji, na wewe umemshika mkono.

Msalimie mumeo na watoto.

Mjomba wako