Nesi Bila Leseni

Hapa Dongobesh mdogo wangu anaitwa nesi tangu siku aliyovaa sare ya chuo. Stashahada anayo. Leseni hana, anasubiri mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga.

Juni iliyopita, usiku, mama jirani alibisha hodi, mtoto anachemka kwa homa, mkononi ana sindano na dawa ya dukani. "Mwanangu, mchome tu."

"Mama, siruhusiwi. Twende kituo cha afya."

"Miaka mitatu ulikuwa unasoma nini sasa?"

Niliwahi kuiandikia habari Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya 2010. Mitaala ya vyuo inasimamiwa na NACTVET, Baraza ndilo linalosajili na kutoa leseni. Aya nne, nikaenda kulala. Bado naiona sheria nzuri, maana sindano ya kubahatisha inaua. Ila sikuwahi kumwona binti akimrudishia sindano mama aliyemlea.

Tulitembea gizani, baridi ya Mbulu inakata masikio, mtoto mgongoni kwa mdogo wangu. Alitibiwa, akapona. Mama yule akipita kwetu, hadi leo ananisalimia mimi tu.